Mafundo ya Diski

"Usikate hizo nyuzi, baba!"

Fundi wa kompyuta pale Mpanda mjini akasimamisha mkasi. Mezani kulikuwa na diski nne za kwaya yetu, zote sura moja. "Bibi, kumbe si uchafu?"

Mvua ilipovuja ofisini kwetu, mimi ndiye niliyezichomoa kwenye boksi la kompyuta zilimopangwa nikazianika mkekani, pembeni ya mpunga.

"Juani, Bibi?"

"Sasa ningezianika wapi?"

Akashika kichwa. Akasema kila wimbo umegawanywa vipande katika diski zote nne, na asipojua zilivyopangana hatapata kitu. Nikamfikiria marehemu binti yangu, Theopista. Sauti yake imebaki humo tu, na mwanawe hajawahi kuisikia.

"Hesabu mafundo ya nyuzi nilizozifunga," nikamwambia. "Hata mifuko ya mbegu naifunga hivyo. Diski iliyokuwa juu kwenye boksi fundo moja, ya chini kabisa manne."

Akahesabu kwa kidole, akazipanga, akazichomeka. Tukangoja mpaka chai ikapoa.

Kwenye spika mtu akakohoa. Theopista hakuanza wimbo hata siku moja bila kukohoa kwanza.

"Kikohozi hicho nitakitoa, Bibi."

"Usikate, baba."