Blaindi Zilizomsubiri Mama Mkwe

Asubuhi ile ndoa ya Olweny ilikuwa inategemea soksi.

Alikuwa amepiga magoti uani, mkono mmoja ameuvika soksi kuukuu iliyolowa maji ya sabuni, anasugua blaindi. Kwa asiyezijua, blaindi ni mapazia ya vibapa vyembamba vya aluminiamu ambayo mtu hutundika dirishani ili majirani wajue kwamba ana hela. Nyumba ya Olweny pale Mukuju, Uganda, haikuwa na dari, na sakafu yake ilikuwa inabanduka, lakini blaindi ilikuwa nazo kila dirisha. Bwana mkubwa alizinunua Busia, akazileta nyumbani kwa mbwembwe, akaapa mbele ya mkewe kwamba kazi ya kuzifuta ni yake. Tangu siku ile hakuzigusa. Vumbi liliingia humo likazaa, likapata na wajukuu.

Bridgit, mkewe, alivumilia mpaka akachoka. Akafunga virago, akamchukua binti yao Babra, akarudi kwao Busia, upande wa Kenya. Alirejea juzi kwa sharti moja tu: mama yake aje aikague nyumba kwa macho yake. Akiridhika, Bridgit anabaki. Asiporidhika, wanaondoka pamoja, na safari hiyo asitumwe mzee yeyote kuomba msamaha.

Mama alikuwa aje leo, wakati wowote, huku Bridgit yuko dukani kwake mjini Tororo. Na Olweny, mtu wa mipango, ndiyo kwanza alikuwa amekumbuka ndoo iko wapi.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mwenye adabu akimwona mama wa mkewe anakuja, hujificha, na kama ni lazima wazungumze, ukuta uwe katikati. Olweny alimwona mama huyo siku ya mahari tu, na alichokiona ni viatu. Kazi ilimshinda, hilo hata yeye alikiri, lakini kwa heshima hakuna aliyemfikia.

Alikuwa anaegemeza blaindi ukutani ikauke aliposikia sauti ya mwanamke.

"Hodi! Wenyewe wako?"

Akaona pindo la gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, na ndala za bluu. Hakungoja kuona zaidi. Aliruka ndoo, akaingia chumbani mbio, akachutama chini ya dirisha lililobaki uchi.

"Karibu mama!" aliita kutoka huko. "Kaa hapo kwa kivuli. Mimi niko ndani, siwezi toka."

"Kwani nagonjwa?"

"Hapana, mama. Ni heshima tu."

Ndala zilisikika zikisogea kivulini.

"Heshima ni mzuri," mwanamke akasema.

Olweny alishukuru moyoni. Mama mzima wa ng'ambo ya mpaka, amejishusha mpaka anasema Kiswahili cha huku! Huyo alikuja na roho nyeupe.

"Hii vitu ya dirisha, nani nasafisha?"

"Ni mimi, mama. Yote naosha na mkono yangu."

Kibapa kililia, kikigongwa kwa kucha. Olweny akafumba macho.

"Hii si mabati."

"Si mabati, mama! Ni aluminiamu. Haishiki kutu hata siku moja."

"Iko ingine?"

Kumbe anataka kuziona zote. Olweny akakumbuka ile ya jikoni, iliyokuwa bado inachuruzika bafuni. Akaifuata, akaipitisha dirishani huku uso ameugeuzia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Na sufuria?"

Ah, sasa amefika jikoni. Mama huyu hakuja kucheza. Olweny akazitoa sufuria moja baada ya nyingine, akijilaani kwa masizi yake.

"Hii natoboka."

"Ondoa tu, mama! Hata mimi sitaki kuiona."

Nje vitu vilipangwa, chuma juu ya chuma, bila haraka. Kisha likaja swali alilokuwa akiliogopa tangu alfajiri.

"Sasa wewe nataka nini?"

Alikuwa ameandaa hotuba yenye utangulizi, na shukrani kwa wazee wa pande zote mbili. Yote ikayeyuka. Alimpenda Bridgit, na aliogopa kuachwa peke yake katika nyumba ile kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Mama, mimi sitaki kitu ingine. Nataka tu bibi yangu abaki hapa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama."

"Basi abaki!" Sauti ilijaa furaha ya kweli. "Nachukua hii yote, eh?"

Olweny nusura alie. Mkwe anayependa vitu vya nyumba yako mpaka akaviomba, ataivunjaje tena nyumba hiyo? Na mkwe akiomba, hanyimwi.

"Chukua, mama! Yote ni yako! Hata ndoo!"

Ndoo nayo ikaenda.

Nyayo zilipopotea, Olweny alijilaza chali sakafuni akacheka peke yake. Mwanamume amepigania ndoa yake, na ameshinda akiwa amechutama. Hapo simu ikalia. Alikuwa Bridgit.

"Baba Babra, ingia chumbani ujifungie, tumekaribia," alinong'ona. "Mama alipitia dukani kwanza, ndio nakuja na yeye. Halafu skia, hapa barabarani tumepatana na mama mmoja wa kununua skrepa, hizi vyuma kuukuu, amejitwika blaindi kama zetu kabisa, zinang'aa! Mama amemsimamisha aziangalie. Anasema kama zako ni safi hata nusu ya hizo, mimi nabaki."