Mkalimani wa Bondia wa Leeds

"Mu Kolwezi yote, mwenye kujua Kingereza njo mi!" Mama Mbelu alitangaza, huku akifunga waya wa redio kwenye mpapai. Kisha akajicheka mwenyewe. "Ila nilikijifunzia Ndola, kule Zambia, mu jiko ya Bazungu. Najua cha sufuria. Cha ngumi, nabahatisha tu."

Wapenzi wa ngumi waliokusanyika uani kwake, mtaani Manika, wakacheka naye. Walijua anatia chumvi. Lakini kila Jumapili jioni, redio ya Uingereza ilipowahoji mabondia na mapromota wa kwao, hapakuwa na mwingine wa kuwafasiria.

Mwaka ule wa 1993 mgodi ulikuwa umeporomoka, mishahara imekoma, na Wakasai walikuwa wanafukuzwa mtaa kwa mtaa. Walilala stesheni na magodoro yao wakingoja mabehewa ya kuwarudisha Kasai, mkoa wa asili yao. Watoto wa Mama Mbelu walishaondoka. Yeye alikataa. Alizaliwa Kolwezi, kwenye kambi ya wachimba shaba, na hiyo Kasai aliijua kwa kusimuliwa tu. Tangu wamzomee mlangoni mwa kanisa, hata misa aliisikilizia nyumbani, kwenye redio hiyohiyo, kutoka Angola, kwa lugha asiyoijua hata neno moja. Alipiga magoti pale alipohisi wanapiga.

"Ule bondia wa Leeds anaogopa marudiano," Kyungu alianza. Kyungu alikuwa bondia zamani, na pua yake ilikuwa imelalia upande mmoja kama ushahidi.

"Aogope nini?" Dodo akamrukia. "Promota wake njo anamuficha. Hukusikia Jumapili iliyopita? Bondia anaulizwa, promota anajibu!"

"Na bondia anakohoa. Anakohoa juu ya woga!"

"Mama, alisema nini kabisa?" Dodo akauliza.

"Alisema," Mama Mbelu akajibu bila kupepesa jicho, "'Hakuna mutu wa kunishusha mu ring mbele ya kengele kulia.'"

Kyungu akapiga paja. "Ule njo mwanaume!"

Hapo Nkulu akaingia bila hodi. Ndiye aliyeongoza vijana waliopita nyumba kwa nyumba kuwatoa Wakasai. Alilitazama paa, akalitazama dirisha, kama mtu anayepanga mahali pa kuweka kitanda chake.

"Mama, treni yako ni ya kesho," alisema. Akawageukia wengine. "Na nyinyi bandugu, munamulinda juu ya nini?"

"Ye njo matwi yetu," Kyungu alisema, akijigusa sikio. "Akienda, hii redio itabakia makelele."

Nkulu akacheka hadi akajishika kiuno. "Juu ya ile tu? Mi nilikaa Kitwe, kulekule Zambia, bandugu! Kingereza nakisema kama maji. Leo nawafasiria mi. Kesho ye anapanda treni."

Mama Mbelu aliwatazama mmoja mmoja, akaona macho ya Dodo yamekwisha kuhamia kwa Nkulu. Hilo lilimuuma kuliko habari ya treni.

"Muzuri, tata," alisema. "Ukifasiria, nitajibebea sufuria yangu mpaka stesheni. Hakuna mutu wa kunisukuma. Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, mi na bijana bangu hatukanyage tena mu lupango yako." Akauzungusha mkono, akiuonyesha ua wote. "Bote bamesikia."

"Tumesikia," Kyungu akasema.

Mama Mbelu akainama juu ya redio. Betri zilikuwa bado na joto la juani alikozianika. Kidole chake kilitetemeka kwenye kitufe cha kutafutia idhaa, kikasogea upana wa ukucha, kikarudi, kikasogea tena. Redio ikachachatika kama mafuta ya kukaangia.

"Uzee," alinong'ona.

Sauti ya mwanaume ikatokea, ya mbali, nzito, yenye hasira. Mama Mbelu akaenda kukaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, kichwa chini.

"Njo ye!" Nkulu akaruka katikati ya ua. "Bondia wa Leeds mwenyewe!"

"Anasema nini?"

"Anasema promota wake ni muongo! Mukono wa kuume umepona. Anataka marudiano!"

"Si nilisema mi!" Dodo akapiga kelele.

Sauti ikapanda, na Nkulu akapanda nayo. Akakunja ngumi, akaikata hewa. "Anasema atamuvunja taya! Raundi ya pili hataiona! Anasema, mama yake atamutafuta kwa tochi!"

Hata Kyungu akasogeza kiti. Nkulu hakukohoa wala hakusita. Kwa kweli alifasiri vizuri kuliko Mama Mbelu mwenyewe.

Kengele ndogo ikalia ndani ya redio.

"Munasikia? Kengele ya raundi! Bako banamujaribisha mu ring!"

"Tata, fasiria mpaka mwisho," Mama Mbelu alisema, kichwa bado chini. "Usituache njiani."

Watu wengi wakavuma kwa pamoja redioni, kisha wakatulia.

"Bapenzi bake hao, banamushangilia!"

Sasa ile sauti ya mwanaume ikashuka, ikaenda polepole, karibu na kuimba. Nkulu naye akashusha yake, ngumi imeinuliwa juu ya kichwa. "Hapa anamutisha ule mwingine. Anasema: 'Siku tutakutana, nitakuua.'"

"Amém," umati mzima ukajibu kutoka redioni.

Mkono wa Kyungu ukapanda wenyewe kwenye kipaji cha uso, ukashuka kifuani, ukapita bega hadi bega. Wa Dodo ukafuata. Na ngumi ya Nkulu, iliyokuwa bado hewani, ikafunguka, ikamgusa kipaji, ikamgusa kifua, ikamgusa bega la kushoto, na ikaganda palepale, kabla haijafika la kulia.