Jibu la Mama Khisa

"Printa haijajibu kwa wakati," kompyuta iliandika tena, na Gichuki akahisi kama ni yeye anayesemwa. Si hata yeye alikuwa anangoja jibu?

Mwezi uliopita Edinah alimleta hapa kwao Bumula, akamwambia mama yake waziwazi kwamba huyu fundi wa kompyuta wa Kitale anataka kumuoa. Mama Khisa alimtazama kijana wa watu juu hadi chini, akasema, "Nitafikiria." Basi. Hakuna ndiyo, hakuna la. Halafu juzi akapiga simu mwenyewe: printa ya biashara yake imegoma, mitihani ya shule jirani inangoja kuchapishwa, kijana aje aitazame. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la huyu lilikuwa bisibisi.

Sasa alikuwa amejaribu kila kitu. Alizima, akawasha. Akafuta kazi zote zilizojipanga foleni. Akatoa karatasi, akazipanga upya. Kila akituma, kompyuta inangoja, inangoja, halafu inakata tamaa. Jasho lilimtoka hadi masikioni, na ubaya ni kwamba Mama Khisa alikuwa amevuta kiti, akakaa naye bega kwa bega, akimtazama tu.

"Mama, si ungepumzika kidogo?"

"Wacha nikutazame leo, mwanangu," mama akasema. "Bado naweza."

Gichuki alidhani anaongea habari ya macho yake, uzee umeanza kumwingia. Akapokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwake, akashukuru, akainamia mashine.

Mara sauti ya mwanaume ikasikika nje. "Hodi! Muko?"

Lo! Mama Khisa alirusha leso kichwani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma kama aliyeona nyoka. Dirishani Gichuki aliona mtu mwenye mkungu wa ndizi begani. Edinah alimpokea vizuri, akamwekea kiti huko uani kando ya ghala. Ni baada ya yule mtu kukaa na kuwapa mgongo ndipo Mama Khisa aliporudi, akaketi pale pale karibu na fundi wake.

"Ni nani huyo, mama?"

"Huyo ni Wekoye," akasema.

Maskini Wekoye! Amekosa nini huyu mtu, hata mama mzima anamkimbia, na ndizi amemletea? Gichuki alimwomba Mungu kimoyomoyo asije yeye akachukiwa hivyo.

Akarudi kwa shida yake. "Mama, hivi karibuni stima imepotea hapa?"

"Ilipotea. Tukalala giza."

"Na wifi ikazima?"

"Kila kitu kilizima."

Hapo ndipo akili ilipomjia. Akatafuta kidogo kwenye kompyuta, akapiga paja. "Mama, stima iliporudi, wifi iliipa printa anwani mpya. Kompyuta haina habari. Inabisha kwa nyumba ya zamani, inangoja, na mwenye nyumba alishahama! Nitaipa anwani moja, isiwe inahama."

"Hata stima ikipotea?"

"Hata ikipotea."

Mama Khisa alizungusha kikombe chake. "Na wewe? Nyinyi watu wa mjini ni wa kuhamahama. Leo tunakuona, kesho tunaulizana umeenda wapi. Mtoto wangu nimpeleke wapi mimi, akibaki anabisha nyumba ambayo haina mtu?"

"Mimi nikikaa, mama, nimekaa." Akageuka kumtazama. "Edinah sitamwacha."

Mama akaweka kikombe chini. Gichuki akabonyeza, akatuma.

Printa ikakohoa. Ikameza karatasi, ikatoa mtihani wa hesabu, safi kabisa, halafu mwingine, halafu mwingine. Gichuki alicheka kwa sauti, akainuka kwa furaha, akamnyooshea Mama Khisa mkono.

Mama Khisa aliutazama ule mkono. Akarudi nyuma. Akavuta leso, akajifunika kichwa, akageuza uso, akatoka kwa mlango wa nyuma, mbio zile zile.

"Edinah!" sauti yake ikatoka jikoni. "Mwambie huyo ale kabla hajaenda!"

Huyo! Asubuhi alikuwa mwanangu, sasa hata jina hana. Alisema nini kibaya? Labda hakupaswa kumtaja Edinah vile, mbele ya mama yake, kama mtu ambaye ameshapewa. Alianza kukusanya vifaa vyake, akiwaza vile atarudi Kitale na atasema nini akifika. Nyuma yake printa iliendelea kutoa karatasi, haikujua wala haikujali.

Edinah aliingia na ugali na kuku, firigisi imewekwa juu kabisa. Gichuki hakuitazama ile sahani.

"Mama yako amenikataa."

"Ati nini?"

"Si umeona? Nimempa mkono, amenikimbia. Vile tu amemkimbia huyo Wekoye wenu."

Edinah aliweka sahani mezani polepole. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kucheza, halafu akashindwa kabisa, akaenda mlangoni akiwa amejishika mbavu. "Shemeji! Shemeji Wekoye, kuja usikie haya maneno!"

Wekoye aliingia, akasikiliza, akacheka hadi akafuta machozi. Kisha akaushika mkono wa Gichuki kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu nyumbani, ndugu yangu. Huku kwetu mama mkwe humkimbia mkwe wake, ndiyo heshima. Na una bahati, bana, umekaa naye asubuhi yote. Mimi tangu nimuoe dada yake Edinah, huyo mama sijawahi kumshika mkono."