Chupa Juu ya Bati

Chausiku alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa, na dawa kali ya madoa ilikuwa imemla vidole hadi vikapasuka. Ndiyo maana asubuhi ile alikwenda kwa Bi Mwanaidi, mtengenezaji wa sabuni ya maji, akiwa na shuka moja lililoganda damu.

Bi Mwanaidi alimpeleka uani, akateremsha chupa ya sabuni iliyokaa juani juu ya bati siku arobaini, kupimwa kama itastahimili joto.

"Zilizotangulia zilijitenga, maji huku, mafuta kule," alisema. "Nyingine ilitulia vizuri, lakini vimeng'enya vinavyokula damu vikafa kwa joto. Hii ni mara ya ishirini na tatu, dada. Nimepunguza maji, nikaongeza gliserini."

Chausiku aliigeuza chupa. Sabuni ilishuka polepole kama asali, rangi moja toka juu hadi chini. Lakini je, vimeng'enya vilikuwa hai?

Waliloweka shuka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ile, wakakaa kusubiri. Chai aliyomimina Bi Mwanaidi ikapoa bila kuguswa. Mwishowe Chausiku alishindwa kuvumilia, akazamisha mikono yake yenye nyufa. Sabuni haikumwasha. Akasugua kidogo tu, na doa likaachia, maji yakabadilika rangi.

"Mwanaidi," alinong'ona, akisahau hata kumwita Bi, "umewezaje?"

Mwenzake alishika pindo moja la shuka, Chausiku akashika jingine, wakaanza kulikamua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.