Dawa ya Mvutaji

"Basi acha kuvuta!" Mama Kabula alifoka. "Mtoto kavunjika mkono akifungua dirisha tu, na wewe bado unafuka kama tanuri la matofali!"

"Nikiacha nakatiwa dawa," Maganga alijibu, akisogeza mdomo kwenye kasha lililopachikwa ukutani. "Unataka tulale kitandani wote wawili, mimi na mtoto? Nani atatulisha?"

Kila nyumba ya Tabora ilikuwa na kasha kama hilo. Lilinusa pumzi, na likikuta tumbaku kifuani, lilipulizia kooni dawa iliyokamuliwa kwenye majani ya mlonge, inayozuia moshi usile mifupa. Mvutaji ndiye aliyelipa kodi ya sigara, kwa hiyo mvutaji ndiye aliyetibiwa. Aliyeishi naye na kumeza moshi wake hakuhesabiwa. Kabula alikuwa amelipumulia mara nyingi, na kila mara lilinyamaza.

"Ni sheria, mke wangu. Sikuitunga mimi."

"Ungeitunga wewe ingekuwa mbaya zaidi."

Kabula, binti wa miaka kumi na mmoja, alicheka, kisha akashika ubavu. Hata kicheko kilimuuma.

Mama yake alimtazama kitambo. Akaichomoa sigara kwenye vidole vya mumewe, akafuta ncha yake kwa upindo wa kanga, kama anavyofuta kijiko cha mtoto.

"Njoo, mwanangu. Vuta, ubane pumzi, halafu ukalipumulie kasha."

"Mama, inachoma."

"Najua. Vuta tena."