Antena Iliyotazama Milima

Bi Rukia alimwita fundi Tekla kwa kuwa mota ya kugeuzia antena ya redio ya mumewe, Mzee Kibwana, ilikuwa imekufa, na antena ikabaki imetazama milima tu. Tekla akapanda mnara kama anapanda ngazi za kwao. Kule juu akakuta mota nzima kabisa, ila imefungwa waya, na waya umepakwa grisi usishike kutu.

"Mzee Kibwana, nani kaufunga huu?" akamwuliza mzee aliyekuwa dirishani chini.

"Mimi. Ndugu yangu alikuwa akiniita kwa redio kutoka huko milimani. Kanyamaza tangu masika."

"Nikiukata, milima haihami. Utairudia ukitaka."

"Haya, kata."

Tekla akaukata. Kibwana akabonyeza swichi ya mota dirishani, ile inayoigeuza antena mradi kidole hakijaiachia. Antena ikaiacha milima, ikageuka polepole kuutazama mji mzima. Ilipoikaribia milima tena, Tekla akachungulia chini: kidole cha mzee kilikuwa bado kinaibonyeza swichi.