Chumba cha Ukuta wa Kioo

Ulituona, ukageuza uso, ukaenda kununua bisi. Mimi sisahau.

Katika bustani ile ya michezo tulikokwenda likizo, vyumba vya bei nafuu vina ukuta mmoja wa kioo, ili wenye pesa watazame familia za kawaida zikila. Mume wangu, Mkwabi, alitaka tulale gesti ya mjini.

"Mama Tunu, huko tutaanikwa kama samaki mnadani!"

"Gesti ni mbali, nauli itameza bembea za mtoto. Watatuona tunakula ugali, basi."

Tukalala chumba cha kioo, tukarudi nyumbani mwaka jana. Mpaka leo Tunu hataki kula mpaka sote tukae upande mmoja wa meza, tukiutazama ukuta. Akimeza tonge, anaupungia mkono.

"Mwanangu, hayo ni matofali."

"Najua, mama. Tabasamu basi."

Jana Mkwabi alimgeuza kwa nguvu aupe ukuta mgongo. Mtoto akalia. Nyuma ya matofali, watu wakacheka.

Wewe uliye upande huo, acha kucheka. Vunja hicho kioo sasa hivi, mwanangu ale kwa amani.